James Thain, rubani aliyebebeshwa makosa ya barafu



Wapenzi wa Manchester United kwetu Kanyabayonga ni wengi, na kule Butembo na Beni ni vile vile. Karibu wote wamesikia kwamba timu hiyo ilipata ajali ya ndege huko Munich, Ujerumani, tarehe 6 Februari 1958. Wachezaji waliokufa wanakumbukwa kila mwaka, na ni haki yao. Leo sisi tunataka kueleza maisha ya mtu mwingine aliyekuwa ndani ya ndege ile: Kapiteni James Thain, rubani, piloti kama tunavyozoea kusema. Yeye hakufa siku ile. Alitoka mzima, na kule kutoka mzima njo kulimletea mateso.

Tumemchagua juu ya sababu moja. Shimo likiporomoka kwetu, swali la kwanza mara nyingi si juu ya miti ya kushikilia udongo, wala si juu ya nani aliagiza watu waingie wakati mvua ilikuwa inanyesha. Watu wanauliza: nani alikuwa ndani? Kama amekufa, hawezi kujibu. Kama amepona, anajibu peke yake. Thain alijibu kwa miaka 11.

Sajenti aliyekuwa kapiteni

James Thain alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa miaka ya mwanzo ya 1920. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitumika katika jeshi la anga la Uingereza. Alianza kama sajenti, akapanda polepole, na mwaka 1944 akapewa cheo cha ofisa. Baada ya vita alipata kazi ya urubani katika British European Airways, kampuni ya ndege iliyokuwa mali ya Leta ya Uingereza. Huko alifika kuwa kapiteni. Alikuwa pia na ufugaji wa kuku katika jimbo la Berkshire, sawa vile wengi wetu tuko na shamba la maharagi pembeni ya shimo. Tukumbuke kuku hao, tutawakuta tena.

Mwanzo wa Februari 1958 alipewa safari ya kupeleka Manchester United mjini Belgrade, Yugoslavia, katika ndege ya injini mbili iliyoitwa Ambassador. Kocha wa timu alikuwa Matt Busby, mtoto wa mchimba makaa wa Scotland, na yeye mwenyewe aliingia mgodini akiwa kijana kabla ya mpira kumtoa. Kati ya wachezaji alikuwemo Bobby Charlton, mwenye miaka 20, na baba yake alikuwa mchimba makaa huko Ashington. Kwa hiyo ndege ile ilibeba pia watoto wa mgodi, watu wa ukoo wetu.

Tarehe 5 Februari timu ilitoka sare ya 3-3 na Red Star na kuingia nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Kesho yake wakaanza kurudi nyumbani. Safari ya kwenda ilikuwa imerushwa na Thain. Ya kurudi alimwachia mwenzake Kenneth Rayment, aliyekuwa kapiteni pia. Rayment akaketi kiti cha kushoto, kiti cha kapiteni mwenye ndege, na Thain akaketi kulia. Sheria ya kampuni ilikataza kubadilishana viti namna hiyo. Kati ya watu wawili wanaojua kazi na kuaminiana, lilionekana jambo dogo tu. Halikubaki dogo.

Barafu inafanya nini juu ya bawa

Ndege haikuwa na mafuta ya kutosha kufika Manchester bila kusimama, kwa hiyo ikatua Munich kujaza. Theluji ilikuwa inaanguka. Hapa inafaa tueleze kidogo, maana sisi theluji tunaiona kwa mbali tu, juu ya Ruwenzori, asubuhi mawingu yakifunguka upande wa Beni.

Bawa la ndege limechongwa ili upepo upite juu yake bila kusumbuka. Upepo ukipita vizuri, bawa linainuliwa. Lakini barafu ikishika juu ya bawa, hata nyembamba na ya kukwaruza sawa karatasi ya msasa, upepo unavurugika. Wataalamu wamepima kwamba barafu ndogo namna hiyo inaweza kuondoa hadi asilimia 30 ya nguvu ya kuinua ndege na kuongeza hadi asilimia 40 ya nguvu inayoivuta nyuma. Si uzito wake unaoua, ni ule mkwaruzo wake. Njo maana ndege kwenye nchi za baridi haitakiwi kuruka kama bawa si safi.

Kazi ya kusafisha inafanyika chini, kabla ya kuruka. Wafanyakazi wanapanda juu ya gari lenye ngazi na kumwagia mabawa na mkia maji moto yaliyochanganywa na dawa iitwayo glikoli, ili barafu iliyoshika iyeyuke. Kama theluji bado inaanguka, siku hizi wanapaka dawa nyingine, nzito, inayobaki juu ya bawa na kuzuia barafu mpya isishike. Dawa hiyo iko na muda wake, na muda unakuwa mfupi theluji ikizidi. Ukipita kabla ndege haijaruka, inabidi kurudi na kuanza upya. Na macho hayatoshi, sababu barafu nyingine ni angavu kama kioo, huwezi kuiona. Kuna ndege ambazo mtu lazima aguse bawa kwa mkono.

Lakini kuna adui wa pili, na huyu hayuko juu ya bawa. Yuko chini ya magurudumu. Theluji ikianza kuyeyuka kwenye uwanja, inageuka tope la maji na barafu. Gurudumu likiingia ndani ya tope hilo kwa mwendo mkali, tope linalishika. Kila dereva wa kamyo aliyepita barabara yetu wakati wa mvua anaelewa bila mwalimu. Tofauti ni kwamba kamyo ikikwama inalala njiani. Ndege ikikosa mwendo, uwanja unaisha.

Mara ya tatu

Alasiri ile Rayment na Thain walijaribu kuruka mara mbili, na mara mbili wakasimamisha ndege, sababu injini zilikuwa zinatoa sauti isiyo sawa. Jambo hilo lilijulikana kwa ndege za aina ile kwenye viwanja vya mwinuko. Wakarudi, abiria wakashuka, marubani wakazungumza na fundi. Wakatazama mabawa pia. Waliona theluji inayeyuka na kutiririka, wakakubaliana kwamba hakuna haja ya kumwagia dawa. Abiria wakapanda tena.

Saa kumi na dakika 4 za jioni, kwa saa za Munich, wakaanza mara ya tatu. Ndege ilifika mwendo wa kilomita 217 kwa saa, mwendo ambao ukishaupita huwezi tena kusimama salama. Zilibaki kilomita chache tu kufikia mwendo wa kuruka. Na hapo, badala ya kupanda, mwendo ukashuka, hadi karibu kilomita 194. Uwanja ukaisha. Ndege ikavunja uzio, ikagonga nyumba, bawa likakatika, moto ukawaka.

Ndani ya ndege walikuwa watu 44. Waliokufa, pamoja na wale waliokufia hospitalini, walikuwa 23, na kati yao wachezaji 8. Rayment alibanwa ndani ya chumba cha marubani, akafa wiki chache baadaye. Thain hakuumia. Hakukimbia. Aliwatoa wafanyakazi wenzake, akachukua vizima-moto, akarudi kupigana na moto ule huku mafuta yakiwa bado ndani ya ndege. Mchimbaji aliyewahi kurudi ndani ya shimo kutafuta mwenzake anajua maana ya hatua ile.

Kidole kinaelekezwa

Mkubwa wa uchunguzi wa Ujerumani alifika usiku, saa nyingi baada ya ajali. Theluji ilikuwa imeendelea kuanguka muda wote huo. Chini ya theluji, juu ya bawa, akakuta barafu. Je, barafu ile ilikuwepo wakati ndege inakimbia, ao ilishika baadaye, bawa likiwa limelala kwenye baridi? Hilo lilikuwa swali la kweli. Lakini tume ya Ujerumani, katika ripoti iliyotoka mwaka 1959, iliamua kwamba chanzo ni barafu juu ya mabawa.

Tuelewe uzito wa uamuzi ule. Kusafisha mabawa ni jukumu la kapiteni. Kusafisha uwanja ni jukumu la wenye uwanja. Chanzo kikiwa barafu ya bawa, mwenye kosa ni mtu mmoja, Thain. Chanzo kikiwa tope la uwanja, wenye kosa wanakuwa wakubwa wa uwanja wenyewe. Hatusemi kwamba watu walikaa mezani kupanga uongo. Tunasema tu kwamba mzigo uliteremkia pale palipokuwa na mtu mmoja bila nguvu.

Vitu vingine viliongezeka juu yake. Picha iliyopigwa kabla kidogo ya ndege kuondoka ilionyesha mabawa meupe, na watu wakasema: tazameni theluji. Na Mjerumani mmoja, naye rubani, aliyefika kati ya wa kwanza kuokoa watu, alieleza kwamba hakuona barafu juu ya bawa. Neno lake hilo halikupewa nafasi katika uamuzi wa kwanza.

Mwaka 1960 Waingereza nao walipitia mwenendo wa Thain, na hawakumwondolea lawama. Lile jambo la kiti likatoka kabatini: alivunja sheria ya kampuni, alimwachia mwenzake kiti cha kushoto. Kiti hakikuleta ajali, lakini mtu akishawekwa chini, kila kosa dogo linapata mguu wa kusimama. Wakati wa Noeli ya mwaka huo kampuni ikamfukuza kazi. Hakurudi tena kuwa rubani wa abiria. Akabaki na kuku wake huko Berkshire.

Miaka ya kutafuta ukweli

Thain angeweza kunyamaza. Alikuwa na shamba, na dunia ilikuwa imeendelea mbele. Yeye akaanza kusoma. Alifuata kila karatasi, akaandika barua, akaomba kesi ifunguliwe upya. Neno lake lilikuwa moja: si bawa, ni uwanja.

Kilichomsaidia zaidi hakikuwa huruma, kilikuwa vipimo. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Uingereza na wa nchi nyingine walikimbiza ndege ndani ya tope la theluji na kupima. Ikaonekana kwamba hata tope la sentimita moja hivi linaweza kuivuta ndege kiasi cha kuizuia isipate mwendo. Siku ya Munich watu hawakuwa wanajua hatari hiyo kwa kiasi kile. Kule kushuka kwa mwendo, kutoka 217 hadi 194 wakati magurudumu yangali chini, sasa kulikuwa na maelezo.

Na ile picha? Walipoichunguza negatifu ya kwanza yenyewe, si nakala ya nakala, theluji haikuonekana. Ule weupe ulikuwa mwangaza uliopiga juu ya bawa.

Katikati ya miaka ile Wajerumani walifungua tena uchunguzi, lakini wakabaki na barafu yao. Mwishowe serikali ya Uingereza ikaita tume mpya mwaka 1968. Mwezi wa tano wa mwaka ule ule, Busby, aliyekuwa amekaribia kufa huko Munich, alishinda Kombe la Ulaya pamoja na Charlton, 4-1 mbele ya Benfica. Mpira ulikuwa umefuta machozi yake. Thain alikuwa bado anangoja.

Ripoti ilitoka mwaka 1969. Tume ilisema kwamba chanzo cha ajali kilikuwa tope la theluji kwenye uwanja. Juu ya barafu ya bawa, ilisema inawezekana ilichangia, lakini si jambo la kuaminika sana. Na kosa la ajali lisiwekwe juu ya Kapiteni Thain. Sisi tunapenda ripoti ile juu ya upole wake: haikudai kujua kila kitu, ilikataa tu kumhukumu mtu kwa kitu kisichohakikishwa.

Jina lake lilisafishwa Uingereza. Kazi yake haikurudi. James Thain alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1975, akiwa hajafikisha miaka 55.

Barafu haikuacha kuua

Mtu asisome maisha haya na kufikiri kwamba barafu ya bawa ni hadithi. Barafu inaua kweli. Tarehe 13 Januari 1982 ndege ya Air Florida iliruka Washington na theluji juu ya mabawa, ikaangukia daraja na mto, watu 78 wakafa. Tarehe 10 Machi 1989 huko Dryden, Kanada, ndege ya Air Ontario iliruka mabawa yakiwa na theluji, watu 24 wakafa kati ya 69.

Lakini ya Dryden ilichunguzwa kwa namna nyingine. Jaji Virgil Moshansky hakusimama kwenye kiti cha rubani. Aliuliza: kwa nini rubani hakuomba dawa? Akakuta kwamba injini ndogo ya kuwashia zile kubwa ilikuwa mbovu, na ndege iliendelea kutumwa hivyo hivyo. Akakuta kwamba Dryden hapakuwa na mashine ya kuwashia injini kutoka nje. Kwa hiyo injini zikizimwa haziwaki tena, na kumwagia dawa huku injini zinawaka kulikatazwa. Rubani alikosea, ndiyo, na alikufa kwa kosa lake. Ila kosa lake lilikuwa la mwisho katika mstari mrefu, na lile la kwanza lilianzia ofisini, mbali na theluji. Baada ya Dryden nchi ya Kanada ilibadilisha sheria zake, na dunia ikafuata. Njo tofauti ya uchunguzi unaotafuta mtu na uchunguzi unaotafuta sababu.

Tunabaki na nini sisi

Ndugu zetu, barafu ya Munich iliyeyuka. Kwetu mvua ya usiku mmoja inafunika shimo lililoporomoka, na kesho yake kuna watu wanaochimba juu yake. Ushahidi unakwenda haraka kuliko uchunguzi. Kwa hiyo sisi wa sendika tunawaomba mambo haya, na yote yanatoka katika maisha ya Thain.

Ajali ikitokea, kwanza tuokoe watu. Baada ya hapo, siku ile ile, majina ya wote walioona yaandikwe, hata ya mtoto anayeuza maji kwenye mlango wa shimo. Maneno yao yachukuliwe kabla hawajaanza kuogopa.

Picha zipigwe kwa simu: miti, kamba, maji, ukuta wa shimo. Picha ya kwanza ibaki ndani ya simu iliyoipiga, isifutwe. Nakala inaweza kudanganya bila mtu yeyote kutaka kudanganya.

Tusibadilishane zamu ao nafasi kimya kimya. Kama Paluku anaingia badala ya Kambale, daftari iseme hivyo. Siku ya shida, kiti kitaulizwa.

Tufanye upande wetu bila kuacha hata kidogo: tuguse ukuta kwa mkono, tusitosheke kwa macho. Ukuta uliolowa unaweza kuonekana mzima sawa bawa lenye barafu isiyoonekana. Na mtu akiona hatari na kukataa kuingia, tusimwite mwoga.

Wakubwa wa koperative na wa Leta wakija na PV, tusitie sahihi ya kitu ambacho hatukusoma ao hatukusomewa. Na swali letu liwe lile la Moshansky: kabla ya huyu aliyekuwa ndani, nani alifanya nini?

Thain alihitaji miaka 11, na alikuwa na elimu, posta na wanasayansi. Mchimbaji wetu hana miaka 11. Tuko na siku ya kwanza tu, tuitumie vizuri.